Ndoo Iliyokwenda Mtoni Ikiwa Imejaa

Kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile ni kamba za viatu vya Uwesu. Zilikuwa zimefuliwa.

Anayeishi penye maji mengi hawezi kushtuka. Lakini kwetu Newala, juu huku, bomba likitoa maji leo linaweza kukaa kimya mpaka ulisahau. Tunafulia nguo, kisha maji yale yale tunadekia, na yakibaki tunaumwagia mpapai. Sijawahi kumwona mtu akifua kamba za viatu. Nikajua kwamba Uwesu, anayetania hata kwenye foleni ya zahanati, siku ile hatanii.

Uwesu ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Kwetu binamu ni mtani, na mtani ana ruhusa ya kukuita mke wake mbele ya watu wote asishtuke mtu. Ananiita hivyo sokoni, ananiita bombani, aliwahi kuniita msibani watu wakacheka na machozi yakiwa bado mashavuni. "Mke wangu, ee!" Mimi huangalia chini na kupita. Siitiki. Bibi yangu husema nilizaliwa na ulimi wa akiba, nautunza usije ukaisha.

Safari ilikuwa wazo la Uwesu. Ukisimama ukingoni mwa mji wetu, nchi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, na chini kabisa limelala bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wageni hufika pale, hupiga picha, husema "Mungu mkubwa," huondoka. Uwesu akajiuliza kwa nini waondoke. Njia ya kuteremka ipo, ile waliyopita bibi zetu kwenda kuchota maji chini ya mlima kabla bomba halijaja. Wageni wateremke kwa miguu, wapande pikipiki ya mizigo mpaka mtoni, wale samaki, wasikie habari za watu waliovuka wakati wa vita vya ng'ambo, na jioni wapande mlima warudi. Alikuwa amewapata wageni wake wa kwanza, walimu wastaafu kutoka Masasi.

"Wakipenda, wataleta wenzao kila kiangazi," alimwambia Bibi siku chache kabla. "Wasipopenda, Jumatatu nakwenda Lindi kwa kaka, nikaendeshe bajaji. Nimechoka kupuliza salfa kwenye mikorosho ya watu."

"Nenda," Bibi akamjibu. "Huko Lindi watakupa mke anayeongea."

Wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Siku iliyofuata nilipopeleka sahani kwa shangazi, niliona begi la Uwesu limetundikwa kwenye msumari, limeshiba mpaka zipu inalalamika. Mtu anayetania hafungi begi. Nilirudi nyumbani nikauchambua tena mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Basi asubuhi ile nilifika ukingoni mapema, kwa sababu mimi ndiye niliyepewa kazi ya chakula. Walimu walikuwa wamesimama kwenye ukungu na masweta yao. Uwesu aliponiona alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Faidha. Hiyo kichwani ni nini?"

"Ndoo," nikasema kwa sauti ndogo.

"Naona ni ndoo. Ndani yake?"

"Maji."

"Imejaa?"

Nikakubali kwa kutikisa kichwa kidogo, maana ukikitikisa sana yanamwagika.

Uwesu akawageukia wageni. "Walimu wangu, tunakwenda kwenye mto mkubwa kuliko yote ya kusini. Na mke wangu ameupelekea maji."

Walicheka mpaka ukungu ukataka kupasuka. Nami ndipo nilipojiona. Naapa sikuwa nimefikiri. Nilisikia "chakula", na kwetu chakula huanza na maji. Ukialikwa kupika harusini, unaulizia maji. Ukienda shamba, unabeba maji. Hakuna mtu wa Newala anayejiuliza kama huko aendako yapo, tunajua hayapo. Kwa hiyo niliamka, nikajaza ndoo ya lita ishirini, nikafunika, nikaja. Kurudi nyumbani kuipeleka kungewachelewesha, na kuishusha pale mbele yao kungekuwa kama kusema ndiyo, mimi ni mjinga. Nikabaki nayo kichwani.

Mama mmoja mnene, mwenye kofia ya majani, akanisogelea. Alikuwa Mwalimu Julia, niliyekuja kumjua baadaye kuwa ndiye anayeamua kila kitu katika kikundi kile, ingawa mumewe, Mwalimu Barnaba, ndiye aliyekuwa akitoa hotuba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mume wako kweli?"

"Ni binamu."

"Aa! Basi ni mtani. Pole." Akacheka. "Mbona humjibu?"

"Haitikagi huyo," Uwesu akadakia. "Nimemwita mke wangu mpaka koo limekauka. Labda ndiyo sababu amebeba maji."

Mwalimu Barnaba alikuwa mbali kidogo na ukingo, ameshika mti. "Huo mto uko wapi?" akauliza. "Naona pamba tupu."

Ni kweli, bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe mpaka kwenye midomo yetu. Uwesu akasema mto bado umelala, umejifunika blanketi, na sisi tunakwenda kuuamsha. Walimu walitabasamu, lakini nilimwona Uwesu akiutazama tena ukungu. Alikuwa amewaahidi kwamba wataliona bonde zima.

Kabla hatujaanza, Bibi, aliyekuja mpaka pale na fimbo yake ili kutuaga, akaita, "Mkipanda jioni msisahau sheria ya mawe!"

"Sheria gani?" Mwalimu Julia akauliza.

"Utaambiwa huko huko," Bibi akasema. "Ukiambiwa sasa utakataa kwenda."

Mimi naijua sheria hiyo kuliko ninavyopenda. Zamani Bibi na wenzake walipopanda na mitungi, walikuwa na mawe matatu ya kupumzikia, mapana kama meza. Ukitua mtungi wako, huwezi kuurudisha kichwani peke yako, umejaa, unahitaji mwenzako akutwike. Na mwenzako hakutwiki bure. Lazima kwanza utue neno, yaani useme jambo la kweli juu yako ambalo hujawahi kulisema. Bibi anasema ndoa tatu na ugomvi mkubwa mmoja vilianzia kwenye mawe yale. Bomba lilipokuja, wakaihamishia sheria yao bombani, na mpaka leo wanawake wa mtaa wetu wanaifuata. "Tua neno nikutwike." Mimi shule niliishia darasa la tano magoti ya Bibi yalipokataa kubeba, na nilipoanza kwenda bombani, kitu cha kwanza nilichojifunza ni kujitwika mwenyewe. Naiweka ndoo kwenye kitu kilichoinuka, napiga goti, naileta pajani, begani, kichwani. Wenzangu wanasema nina nguvu. Si nguvu.

Tuliteremka polepole. Ukungu ulikuwa unapanda huku sisi tunashuka, tukakutana katikati, na tulipoutoka bonde likawa limefunguka lote, mashamba ya mpunga yaliyovunwa, minazi michache, na mbali mstari mweupe wa mchanga wenye nyuzi za maji. Walimu wakasimama kutazama. Mwalimu Barnaba peke yake hakuangalia, aliteremka uso ukitazama mlima, kama anayeshuka ngazi ya dari.

"Baba, unasalimia mawe?" mkewe akamuuliza.

"Nayakagua."

Kule chini joto lilikuwa la namna nyingine. Masweta yakavuliwa. Tukapanda kwenye pikipiki ya matairi matatu, ndoo yangu katikati kama mgeni rasmi, na kila tulipopita kijiji watoto walikimbia nyuma wakipiga kelele, na Uwesu akawaambia, "Tunapeleka maji mtoni!" nao wakaitikia wakiimba.

Mtoni alitupokea Mama Kurwa, ambaye Uwesu alikuwa amepatana naye kuhusu samaki. Jiko lake lilikuwa limeshawaka, wali umeiva, na mitungi miwili ya maji imepangwa kivulini. Aliitazama ndoo yangu. Akafunua kifuniko. Akakaa chini kwenye mchanga ili acheke vizuri.

"Dada, umetoka nayo juu kule?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa kichwa?"

"Ndiyo."

"Nipe kikombe nionje. Nasikia tu kwamba maji ya Newala yananunuliwa, sijawahi kuyanywa." Akanywa, akafumba macho, akalamba midomo. "Yana ladha ya chuma. Haya, yafunike, usije ukaupa mto wetu kiburi."

Sikupika chochote siku ile. Nilibaki kugawa sahani.

Mto wa Ruvuma wakati wa kiangazi si kama watu wanavyoufikiria. Mchanga ni mwingi kuliko maji, na maji yenyewe yamegawanyika, mengine huku, mengine kule, kama watu waliosusiana. Mume wa Mama Kurwa aliwavusha walimu kwa mtumbwi mpaka kwenye kisiwa cha mchanga. Mwalimu Julia akavua viatu, akakunja gauni, akaingiza miguu majini na kupiga kelele kama msichana. Mwalimu Barnaba alikataa kupanda. Alisema anatulindia mizigo dhidi ya mamba.

"Mamba hawali mabegi, baba!"

"Hujui. Hawajawahi kupewa."

Baada ya kula, Uwesu alisimama kuwaeleza habari za kale. Aliwaonyesha ng'ambo. Aliwaambia jinsi watu walivyokimbia vita vya kudai uhuru wa Msumbiji, wakavuka hapa usiku, na kwamba bibi yetu alikuwa mmoja wao, mtoto mdogo, ndani ya mtumbwi kama ule ule. Alisimulia vizuri. Wote walimsikiliza, mpaka alipofika mahali penyewe.

"Na mama yake akampa mbuzi amshike," akasema, "akamfunga mdomo kwa kitambaa asilie, askari wasisikie."

"Mbuzi?" Mwalimu Julia akauliza. "Kwenye mtumbwi? Ameshikwa na mtoto?"

"Alikuwa mbuzi mdogo."

"Hata mdogo ana miguu minne, mwanangu."

Wenzake wakaanza kucheka, si kicheko cha kutania, bali kile ambacho mwalimu humcheka mwanafunzi asiyesoma. Uwesu akageuka akanitazama. Hakuniita mke wangu. Hakuniita chochote. Nami nikasikia sauti yangu ikitoka kabla sijairuhusu.

"Kuku."

Wote wakageuka.

"Alikuwa kuku," nikasema. "Alimfunga mdomo kwa uzi wa ukindu. Na alimweka ndani ya nguo ya Bibi, tumboni, kwa hiyo kuku akawa anamparura njia nzima, na Bibi hakulia. Mpaka leo ana alama. Walipofika upande huu wakamfungua kuku, na kitu cha kwanza alichofanya ni kutaga."



"Kumbe anaongea!" Mwalimu Julia akasema.

"Leo tu," Uwesu akasema taratibu. "Mvua itanyesha Julai hii."

Wakacheka, safari hii vizuri. Uwesu akainama mbele yangu kama mtu anayempa mkono mkuu wa wilaya, nami nikakimbilia kuosha sahani.

Nilikuwa naosha nilipowasikia. Mwalimu Barnaba alikuwa amemshika Uwesu bega. "Safari ni nzuri, kijana. Ni ndefu, lakini ni nzuri. Hilo la kuleta wenzetu, tutaangalia."

Kwetu mtu mzima akikwambia "tutaangalia", amekwisha kuangalia. Uwesu akasema, "Hakuna shida, mwalimu." Kisha akachuchumaa akafunga kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka.

Wakati wa kuondoka akanijia. "Mwaga hayo maji, Faidha. Kupanda ni kugumu."

Nikaitazama ndoo. Nikautazama mto wote ule, unaopita bila kuombwa na mtu. Nikajaribu kuinamisha. Mkono ukakataa. Maji ya Newala, niliyoyasubiri kwenye foleni, niyamwage mchangani watu wakiona? Hata Bibi angesikia kule juu.

"Siwezi," nikasema.

"Basi yamekuja kutembea," Uwesu akasema. "Yamepunga upepo, yameona mto, sasa yanarudi nyumbani."

Tukaanza kupanda jua likiwa limeshalegea. Kwenye jiwe la kwanza, ambalo Bibi na wenzake waliliita Pole, walimu walijitupa chini wakihema. Uwesu akawaeleza sheria. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa lakini anamaliza kazi yake. Kila mwenye mzigo aliyeutua, hata begi, hauchukui tena mpaka atue neno, na mwenzake ndiye amvishe.

"Hata mimi?" Mwalimu Barnaba akauliza.

"Wewe kwanza," mkewe akasema, na kulikalia begi la mumewe.

Mzee akakohoa. Akatazama mlima. "Naogopa mahali palipoinuka," akasema. "Nimeogopa tangu utoto. Nilipokuwa mwalimu mkuu, watoto walidhani nakataa kupanda jukwaani kwa sababu ya unyenyekevu."

Sijawahi kusikia watu wazima wakicheka vile. Mwalimu Julia alimvisha begi huku akifuta machozi, akasema ameishi na mtu huyu miaka yote akidhani ni mnyenyekevu. Mwingine akasema hajui kuogelea ingawa alifundisha somo la michezo. Wakasahau kuhema. Na mimi, wakati wakicheka, nikapiga goti, paja, bega, kichwa. Nikatangulia.

Jiwe la pili linaitwa Umbea, na lilistahili jina lake. Tulikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wakaanza kushindana nani ana neno zito. Zamu ilipomrudia Mwalimu Barnaba, alikwaruza ardhi kwa fimbo.

"Kule mtoni nilikuwa nimeshaamua kwamba haturudi tena."

Uwesu akamsogelea. "Na sasa, mwalimu?"

"Sasa nivisheni begi, msinihoji. Sheria imesema neno moja."

Mwalimu Julia akamvisha. Kisha akanitazama mimi, ambaye nilikuwa nimeshapiga goti, ndoo pajani.

"Aa, aa! Huyu anatoroka! Alifanya hivi hivi kule chini, nimemwona."

"Huyo anajitwika," Uwesu akasema. "Mtaani wote wanamjua. Hajawahi kutua neno hata moja. Anaogopa nisije nikalisikia."

"Ni kweli, binti?"

Ndoo ilikuwa kichwani tayari. Nikatabasamu kwa adabu nikaondoka.

Njia ya kutoka Umbea kwenda jiwe la mwisho ni nyembamba, mnapanda kwa mstari. Uwesu alikuwa nyuma yangu. Hakutania. Nilisikia viatu vyake tu, na sikuwa nimezoea kumsikia Uwesu kwa viatu. Nikafikiri, hata wakisema watarudi, hawajasema. Begi liko msumarini. Jumatatu iko pale pale. Na huko Lindi kuna wasichana wanaoitika wakiitwa mara ya kwanza.

Jiwe la mwisho linaitwa Bado Kidogo. Kutoka pale unaona paa la nyumba yetu. Walimu hawakutaka hata kupumzika, waliliona gari lao juu wakapita wakipigiana kelele, Mwalimu Julia akimsukuma mumewe mgongoni na kumwambia asiangalie nyuma. Mimi nikatua ndoo. Uwesu akasimama, kwa sababu kiongozi hutembea mwisho.

"Haya, shujaa," akasema. "Jitwike twende. Giza linakuja."

Sikupiga goti.

"Umechoka?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa natazama kamba za viatu vyake. Zilikuwa zimeshapigwa vumbi jekundu lote la mlima, huwezi kujua kwamba zilifuliwa. Ni mimi tu niliyejua.

"Faidha, mbona hujitwiki?"

"Nitwike," nikasema.

Alisogea, akainama, akashika mpini wa ndoo, kisha akaachia. Nilimwona akielewa. Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja chote.

"Unajua sheria lakini," akasema. "Tua neno."

Juu tulimsikia Bibi akiwapokea walimu, akiuliza nani amesema nini kwenye jiwe gani, na ghasia ya watu wanaojibu wote kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa akitusikiliza.

"Abee," nikasema.

"Abee nini? Sijakuita."

"Umeniita tangu asubuhi. Umeniita sokoni, umeniita bombani, umeniita mpaka msibani. Ndiyo naitika." Nikainua macho. "Abee, mume wangu. Usiende Lindi."